Ini Linalong'aa Kijani na Kazi Inayoingoja Mbeya

Mpwa wangu ni mtaalamu wa maabara katika kituo kimoja cha afya hapa Mbeya, na asubuhi zake nyingi huishia gizani. Hupaka makohozi kwenye kioo, huyatia rangi ya auramini, huyasuuza, kisha huketi mbele ya hadubini yenye taa ya LED. Vimelea vya kifua kikuu vikiwamo, hujitokeza kama vijiti vyembamba vya manjano yanayoelekea kijani juu ya weusi. Amevihesabu kwa miaka sita sasa. Macho yake yamezoea mwanga, na yamejifunza pia kuutilia shaka, kwa sababu vumbi nalo hung'aa, na uchafu wa rangi hung'aa, na mgonjwa hawezi kuanzishiwa dawa za miezi sita kwa ajili ya vumbi.

Jumapili moja alifika kwangu Isyesye simu ikiwa mkononi. "Shikamoo mjomba. Hebu tazama hii picha, kisha uniambie. Huu ni mwanga kweli, au wameipaka rangi?"

Ilikuwa picha ya kipande chembamba cha ini la panya wa maabara. Karibu kila seli ilikuwa ya kijani, kijani kibichi kama chai ya Rungwe baada ya mvua. Chini yake palikuwa na herufi chache: AAV8, TBG, GFP. Nilifundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nilimjibu papo hapo kwamba hawakuipaka. Panya alidungwa sindano kwenye mshipa wa mkia, na baada ya wiki mbili tatu ini lake lenyewe likawa linatengeneza protini ya kiumbe wa baharini. Lakini alipoondoka nilibaki na swali lake. Kuuliza kama mwanga unasema kweli ndiyo kazi yenyewe katika utafiti wa namna hii, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba sehemu ya kazi hiyo inaweza kuanza hapa Mbeya, tena ni sehemu inayotuhusu kuliko tunavyodhani.

Protini hiyo huitwa GFP. Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962 kutoka kwa yavuyavu wa Pasifiki. Kwa miaka thelathini ilibaki kuwa ajabu ya baharini tu. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba jeni yake ikitiwa ndani ya bakteria au ndani ya mnyoo mdogo, hung'aa humo humo bila kuhitaji kitu kingine chochote cha yavuyavu. Roger Tsien akaichonga ing'ae zaidi na akapata rangi nyingine. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu, hurudisha wa kijani. Watafiti huiita jeni ya ripota. Mimi napenda kuiita jeni shahidi, kwa maana haiponyi chochote. Husimama tu na kusema: mzigo umefika hapa, na umefunguliwa.

Na mzigo hufikaje? Hapo ndipo kirusi kinapoingia. AAV ni kirusi kidogo mno, kipenyo chake kama nanomita 25. Kiligunduliwa mwaka 1965 kikiwa uchafu ndani ya sampuli za adenovirusi, aina nyingine ya virusi, na kwa muda mrefu kimehesabiwa kuwa hakileti ugonjwa kwa binadamu. Hakiwezi hata kuzaliana bila kusaidiwa na kirusi kingine. Watafiti huondoa jeni zake zote, wakabakiza vipande viwili vya mwisho tu, kisha katikati huweka wanachotaka, alimradi kisizidi sana herufi 4,700 za vinasaba. Jeni ya GFP ina herufi kama 720, kwa hiyo nafasi inabaki tele. Namba 8 katika AAV8 ni aina ya ganda. Ganda hilo lilipatikana kwa nyani aina ya rhesus na kutangazwa mwaka 2002 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kwa panya lina upendeleo mkubwa wa kwenda kwenye ini.

Upendeleo si uhakika, hata hivyo. Anayepanda Kosta ya Tukuyu hapa mjini anajua kwamba gari limeandikwa Tukuyu kiooni, ila abiria watashuka Uyole, watashuka Isyonje, watashuka Kiwira. Ganda la kirusi ni hiyo Kosta. AAV8 hufika kwa wingi kwenye ini, lakini vipande vingine hushukia moyoni, kwenye misuli, hata kongosho. Ukiweka jeni ya GFP yenye swichi inayowaka mahali popote, utapata mwanga kila kituo, na hutaweza kusema unachokiona ni habari ya ini peke yake.

Ndiyo sababu ya zile herufi TBG. Ini hutengeneza protini inayobeba homoni ya tezi ya shingo katika damu, na jeni ya protini hiyo ina swichi yake, ambayo wataalamu huiita promota. Swichi hiyo huwashwa na mashine zilizomo ndani ya seli kuu za ini. Ukiikata na kuibandika mbele ya GFP, abiria atakuwa na ufunguo wa nyumba moja tu. Akishushwa Uyole, atasimama nje ya mlango usiofunguka. Kirusi kitaingia kwenye seli ya moyo na jeni italala kimya humo. Ninapenda ufundi huu, nakiri. Barabara moja imechaguliwa na ganda, mlango umechaguliwa na promota, na ni pale viwili hivyo vinapokutana ndipo taa inawaka.

Ini lenyewe nalo husaidia. Mishipa yake midogo ina vitundu vidogo vingi, vikubwa mara kadhaa kuliko kirusi hiki, na nyuma yake hakuna ule utando mzito unaozuia kwenye viungo vingine. Kilichomo ndani ya damu huzifikia seli karibu moja kwa moja. Dozi ya chembe kama bilioni mia moja kwa panya mmoja hutosha kulifanya ini lote ling'ae kama lile la kwenye picha.

Sasa turudi kwenye shaka ya mpwa wangu, maana ina mizizi mirefu kuliko alivyojua.

Ini lina mwanga wake wa kuzaliwa. Linatunza vitamini A katika seli zake zenye umbo la nyota, na vitamini hiyo ikimulikwa kwa urujuani hung'aa kisha hufifia upesi. Seli zikizeeka hukusanya lipofusini, masalia ya kahawia ambayo hung'aa katika rangi nyingi kwa pamoja, kijani ikiwamo. Anayetumia GFP kwenye ini bila kuweka pembeni ini la panya asiyedungwa, lililopigwa picha kwa hadubini ile ile, kwa muda ule ule na kwa mwanga ule ule, hajatuonyesha kitu. Wenye uangalifu huongeza kingamwili inayoitambua GFP yenyewe, au huhamia kwenye protini nyekundu zinazotoka kwa matumbawe, ambako mwanga wa ini wenyewe ni hafifu zaidi.

Wakati nao hudanganya. AAV haijichomeki sana kwenye kromosomu. Hukaa pembeni ndani ya kiini kama kipete. Seli ikigawanyika, kipete hakinakiliwi, kwa hiyo mwanga hupungua kwa panya mchanga anayekua, au kwa panya ambaye sehemu ya ini imekatwa ikaota upya. Mtu akiona giza baada ya miezi mitatu anaweza kudhani seli zimekufa, kumbe zimezaliana. Hata jinsia ina neno lake: panya dume hupokea AAV kwenye ini kwa wingi kuliko majike.

Lakini jambo lililonishika kuliko yote ni ramani. Ini limegawanyika katika vijumba vidogo, na damu huingia kila kijumba kwa pembezoni, kisha hutoka kupitia mshipa wa kati. Seli za pembezoni na seli za katikati zina kazi tofauti. Zile za katikati ndizo zenye wingi wa vimeng'enya vinavyobadili dawa na sumu, na ndizo huumia kwanza mtu anapomeza parasetamo nyingi kupita kiasi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha picha za GFP zikionyesha kwamba kwa panya na mbwa, virusi vya AAV huwasha zaidi seli zilizo karibu na mshipa wa kati. Kwa nyani ilikuwa kinyume chake: mwanga ulikaa pembezoni, damu inakoingilia. Kirusi cha jamii ile ile, kiungo kile kile, ramani iliyogeuzwa. Baadaye ikaonekana pia kwamba AAV8, bingwa wa ini la panya, huingia kwa udhaifu zaidi kwenye seli za ini la binadamu zilizooteshwa ndani ya panya, na maganda mengine yaliyotafutwa kwa seli za binadamu yakaishinda.

Tafakari maana yake. Bila jeni shahidi, watu wangeendelea kuamini kwamba kinachotokea kwa panya ndicho kitakachotokea kwetu. Mwanga humshuhudia aliyepimwa tu. Hausemi lolote kuhusu asiyepimwa.

Na sisi ni nani katika hesabu hiyo? Hapa siwezi kuandika kwa utulivu. Baba yake mpwa wangu, shemeji yangu, alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kati ya Mbozi na Tunduma. Alikufa kwa saratani ya ini akiwa na miaka 47. Tulipompeleka hospitali tumbo lilikuwa limekwisha kujaa maji, na vipimo vikaonyesha ana virusi vya homa ya ini B, ambavyo pengine alikuwa navyo tangu utotoni. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, yaani wengi wa wanaolima, wanaofundisha na wanaoendesha magari leo katika Nyanda za Juu Kusini, walikua bila chanjo hiyo.

Ongeza sumukuvu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye kuvu. Hao waliuawa na sumu nyingi kwa siku chache, lakini sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi huelekea kwenye saratani ya ini, na mwenye homa ya ini B huwa kwenye hatari kubwa zaidi viwili hivyo vinapokutana. Sumukuvu haiui seli hivi hivi. Ni vimeng'enya vya ini lenyewe vinavyoigeuza kuwa kitu kinachong'ata vinasaba. Kwa hiyo kujua ni seli ipi ya ini imeguswa, ya pembezoni au ya katikati, ni suala la kitanda cha mgonjwa na la ghala la mahindi pia. Sisi ndio tunaolisha nchi mahindi. Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe: hayo magunia yanatoka kwetu.

Zana hizi tayari zinatumika kwenye ugonjwa wetu. Virusi vya homa ya ini B haviwezi kuingia kwenye seli za ini la panya wa kawaida, na kwa miaka mingi hilo lilikwamisha majaribio ya dawa. Suluhisho mojawapo lilikuwa kuweka vinasaba vya homa ya ini B ndani ya ganda la AAV8. Kosta ile ile inayobeba GFP ikabeba ugonjwa hadi ndani ya seli, na panya akaanza kutengeneza virusi hivyo na kuvimwaga kwenye damu. Dawa mpya zinajaribiwa kwa panya hao. Vilevile, watafiti wakitaka kujua seli za saratani zimetoka wapi, hutumia AAV8 yenye promota ya TBG kuziwekea seli za ini alama ya kudumu kwa rangi, kisha husubiri. Uvimbe ukiota ukiwa na rangi hiyo, ukoo wake umejulikana.

Watu watasema virusi vilivyotiwa jeni ni mambo ya mbali na hapa. Si kweli. Katika jaribio la chanjo ya UKIMWI lililofanyika Kampala, Kericho na Mbeya, watu 324 walijitolea, na chanjo mojawapo iliyotumika ilibebwa na adenovirusi aina ya 5. Mwaka 2021 dozi za kwanza za UVIKO-19 zilizopokelewa Tanzania, zaidi ya milioni moja, zilikuwa za Janssen, na hizo zilibebwa na adenovirusi aina ya 26. Mwalimu aliyechanjwa Mwanjelwa amekwisha kubeba kirusi kibebaji begani mwake. Na kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hapa Mbeya kimeendesha majaribio ya kimataifa kwa muda mrefu kuliko umri wa mpwa wangu kazini.

Kinachonisumbua ni hatua inayofuata. Tiba za jeni zinazolenga ini zimekwisha kufika sokoni. Hemgenix, inayotumia ganda la AAV5 kwa wagonjwa wa himofilia B, ambao damu yao haigandi ipasavyo, iliidhinishwa Marekani Novemba 2022 kwa bei ya dola milioni 3.5 kwa mgonjwa mmoja. Hakuna hospitali yetu itakayoinunua kwa bei hiyo, na sipendekezi. Lakini bei zitashuka, kama zilivyoshuka za dawa za UKIMWI, na siku hiyo kuna kizuizi kingine kitatungoja mlangoni. Mtu aliyewahi kuambukizwa AAV ya kawaida, bila hata kujua, huwa na kingamwili zinazoweza kukamata kirusi kibebaji kabla hakijafika kwenye ini. Majaribio mengi ya tiba hizi huwakataa watu wenye kingamwili hizo. Uchunguzi wa damu uliolinganisha mabara mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kingamwili dhidi ya AAV2 zikiwa nyingi zaidi Afrika. Maganda ya tiba za kesho yanachaguliwa leo, na sidhani kama damu ya mtu wa Makete au Ileje imo kwenye hesabu za wanaoyachagua.

Na kupima kingamwili hizo hakuhitaji panya hata mmoja. Unachukua seli zilizooteshwa kwenye sahani ya vishimo. Unachanganya AAV yenye GFP na seramu ya mtu, yaani majimaji ya damu yake, unasubiri kidogo, unamimina juu ya seli. Baada ya siku mbili tatu unamulika. Kishimo kikiwaka, seramu haikuzuia. Kikibaki giza ilhali kishimo kisicho na seramu kinawaka, huyo mtu ana kingamwili. Unapunguza seramu hatua kwa hatua mpaka mwanga urudi, na hapo umepata kipimo chake. Ni kazi ya hadubini ya mwanga, jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, kabati safi la kuoteshea seli, na macho yaliyofundishwa kutofautisha mwanga na vumbi. Macho hayo tunayo. Virusi vya GFP vilivyo tayari huuzwa na taasisi zisizo za kibiashara kwa mamia ya dola, si mamilioni. Ninachokiomba kwa watafiti wetu, na kwa wanaowagawia fedha, ni hiki: wapime seramu kutoka wilaya zetu, kwa ridhaa na kwa kibali cha kamati ya maadili, dhidi ya AAV2, AAV5 na AAV8, na wachapishe kwa majina ya watu wa hapa wakiwa mbele.

Najua hofu iliyopo. Mwaka 2018 serikali ilisitisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba pale Makutupora, na wengi wanaposikia jeni na kirusi katika sentensi moja, hukumbuka hayo. Sitaiita hofu hiyo ujinga. Mwaka 1999 kijana wa Marekani wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alikufa siku nne baada ya kudungwa adenovirusi iliyolengwa kwenye ini lake, na tasnia nzima ilisimama ikajiuliza. Nyani waliopewa GFP kwenye ini wamewahi kuonekana kinga zao zikizishambulia seli zenye mwanga huo, kwa sababu mwili huona protini ya yavuyavu kuwa mgeni. Ndiyo maana GFP ni ya sahani na panya, wala sipendekezi imkaribie mtu. Kirusi kilichoondolewa jeni zake zote, kikiwa kwenye sahani iliyofunikwa, hakina pa kwenda, na kanuni zetu za usalama wa viumbe za mwaka 2009 zinatoa njia ya kuomba kibali. Njia hiyo ifuatwe wazi, majirani wakialikwa kuona.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya daktari mmoja, rafiki yangu wa zamani, aliyeniambia kwamba shilingi yoyote ya ini iende kwanza kwenye chanjo ya watu wazima na vikaushio vya mahindi. Nakubaliana naye kwa shilingi hizo. Tofauti yetu ni kwamba fedha za utafiti wa virusi vibebaji hazitoki kwenye mfuko wa vikaushio. Ziko nje, zinatafuta watu wenye maswali mazuri, na zitaenda kwao hata tukinyamaza.

Wiki iliyopita mpwa wangu alirudi. Nilimwomba afungue tena ile picha. "Sasa niambie wewe," nikasema. "Unaiamini?"

Akaitazama kwa muda, kama anavyotazama kioo cha makohozi. "Bado, mjomba. Sijaona la panya ambaye hajadungwa."

Akaanza kushuka kwenye kurasa za nyongeza za utafiti ule, kidole kikisukuma taratibu, hadi akalipata. Lilikuwa karibu jeusi lote. Akaikuza picha, akaonyesha ukingo wa mshipa wa kati ambako palikuwa na vidoa vichache vya kijani kilichochakaa. "Hivi hapa," akasema. "Hivi ndivyo vya kutoa kwenye hesabu."